Kona za Soni

Dada wa Mlalo,

Tangu Costa uliyopanda ifeli breki kati ya Soni na Mombo, hujashuka mlima. Ukifika stendi tu moyo unakwenda mbio, jasho linakutoka, unaona kifo hiki hapa. Nyanya zako sasa anazipeleka dalali, naye anakupunja. Umeombewa, umekunywa dawa za mganga, na unauliza kama ndiyo wazimu unaanza.

Hapana. Ila kwanza nenda hospitali wakupime presha na moyo, maana dalili hizo huweza kutoka mwilini. Ukiwa salama, ulizia tiba ya fikra na tabia. Daktari Aaron Beck wa Marekani aliianzisha miaka ya 1960, baada ya kuona wagonjwa wake wa sonona wanaandamwa na mawazo ambayo hawakuwahi kuyahoji.

Lako ni kwamba kona itakuua. Wazo hilo linaleta hofu, hofu inapandisha mapigo ya moyo, nawe unayachukua mapigo kuwa ushahidi. Unarudi nyumbani, unatulia, na utulivu huo ndio unaoilea hofu, kwa kuwa hujakaa garini ukaona ikipungua yenyewe. Basi usitegemee mshauri akubembeleze. Atakuagiza uandike unachotabiri kabla ya safari, kisha kilichotokea kweli. Mtaanza kwa kukaa stendi bila kupanda, halafu Mlalo hadi Lushoto, halafu Soni, kila hatua ikirudiwa mpaka uizoee. Mombo mwisho kabisa. Kazi ni nyingi, na asiyezifanya hapati kitu.

Usiseme ni mambo ya Wazungu. Moshi, na Bungoma kule Kenya, yatima 640 waliingizwa katika utafiti uliochapishwa 2020. Nusu yao walipata tiba ya aina hii mikononi mwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, na katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti huo walipata nafuu kuliko wenzao.

Haimfai kila mtu. Anayesikia sauti za watu wasiokuwapo huhitaji dawa kwanza. Hata hao wana pao milimani kwetu: hospitali ya Lutindi, upande wa Korogwe, imewatunza wagonjwa wa akili tangu 1904. Ukikosa mshauri Lushoto, waulize watu wa Lutindi nani aliye karibu nawe.

Na huyo dalali, mdai hesabu ya kila tenga kwa maandishi. Hilo halingoji tiba.