PILIPILI NA BARIDI YA NAIROBI

Kwetu Umoja nyumba zimebanana na shamba hakuna. Hata hivyo, mama mwenye kibanda cha viazi karai hununua pilipili kila wiki. Kwa nini tusipande wenyewe? Wengi hunijibu, "Pilipili ni ya Mombasa, hapa kuna baridi!"

Jibu hilo lina ukweli nusu. Mpilipili ulitoka Amerika, sehemu za joto. Mbegu yake hupenda nyuzi 25 hadi 30 za joto. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na usiku wa Julai nyuzi huweza kushuka hadi 11 hivi. Mbegu ikitupwa nje wakati huo hulala tu, au huoza. Kwa hivyo mimi huanzia ndani na kumalizia nje.

NDANI (Julai na Agosti): Toboa mkebe matundu chini, utie udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Fukia mbegu kina cha nusu sentimita, kisha ufunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Zikiota, baada ya wiki mbili au tatu, ondoa chupa na uweke mkebe dirishani penye jua. Gizani miche hurefuka kama uzi, ikaanguka.

Tahadhari! Usilaze jiko la makaa chumbani eti miche ipate joto. Moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Heri mche ufe.

NJE (Septemba): Mche ukifikisha majani sita hivi, uzoeze jua kwa wiki moja: mchana nje, jioni ndani. Kisha uhamishie kwenye debe lililotobolewa. Mifereji yetu hukauka mara kwa mara, kwa hivyo maji ya kuoshea mboga yasimwagwe. Vidukari wakivamia, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Baada ya miezi mitatu au minne utaanza kuchuma. Pilipili kichaa huweza kuishi miaka kadhaa, na debe lina faida ambayo shamba halina: linabebeka. Juni ikifika, lirudishe ndani.

Wahenga walinena, pilipili usozila zakuwashiani? Hizi umezipanda mwenyewe, acha zikuwashe!