Kwa Nini Homa ya Baridi Yabisi Ilimpata Mmoja Tu?

SWALI: Watoto wangu watatu waliumwa koo pamoja, lakini mmoja tu ndiye aliyepatwa na homa ya baridi yabisi, na moyo wake umedhurika. Je, ni maradhi ya kurithi?

JIBU: Kinachorithiwa, bibi, si maradhi yenyewe, bali ni wepesi wa mwili kuyapata. Asili yake ni bakteria wa streptokoki wakaao kooni, ambao protini yao iitwayo M hushabihiana mno na protini za misuli ya moyo; hivyo askari wa kinga, walioinuka kumpiga adui, huweza kughilibika kwa mshabaha huo wakaudhuru moyo na vali zake. Kughilibika huko hutegemea kwa sehemu jeni za HLA, ziusaidiazo mwili kupambanua kilicho chake na kilicho kigeni, nazo hutofautiana hata baina ya ndugu wa tumbo moja. Na kwa pacha wafananao kabisa, hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa wasiofanana kwamba wote wawili huugua.

Basi usijilaumu. Mwanao na adungwe penisilini kila wiki 3 au 4, kama atakavyoamuru tabibu, kwani kila shambulio jipya huzidisha madhara. Na nduguze wakiumwa koo, watibiwe kabla ya siku 9 kupita, ndipo homa hiyo izuilike.