Somo: Kutumia Simu Kujua Kama Washiriki Wameelewa



Mwisho wa mafunzo ya upatanishi, mwezeshaji huuliza: "Mmeelewa?" Ukumbi wote hujibu: "Ndiyo!" Hakuna anayetaka kumwaibisha mwezeshaji, wala kuonekana mjinga mbele ya chefu wake. Lakini mpatanishi akirudi kijijini bila kuelewa vizuri, kosa lake halibaki katika daftari. Linaweza kuwasha moto kati ya familia mbili zinazogombania shamba. Ndiyo maana katika somo hili tunajifunza kupima ufahamu mapema, kwa kutumia simu tulizo nazo.

1. Tathmini endelezi ni nini?

Ni kupima wakati somo lingali linaendelea, ili mwalimu abadilishe ufundishaji wake na mwanafunzi ajisahihishe. Mtihani wa mwisho unatoa hukumu. Tathmini endelezi inatoa msaada. Mwaka 1998, Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College London walikusanya tafiti nyingi na kuonyesha kwamba njia hii inawainua wanafunzi, hasa wale dhaifu. Wazee wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

2. Tufanye namna gani?

Swali moja la siri. Tayarisha fomu fupi katika KoboToolbox, programu inayofanya kazi katika simu ya Android hata pasipo mtandao. Simu ya mwezeshaji inazunguka, kila mmoja anachagua jibu bila kuandika jina. Kwa asiyejua kusoma, swali lisomwe kwa sauti na majibu yawe picha. Mfano: majirani wawili wanagombania mpaka, na mmoja anakuuliza nani mwenye haki. Utafanya nini?
A. Nitaamua mimi.
B. Nitawasikiliza wote wawili, nikiwasaidia watafute suluhisho lao.
C. Nitamwambia aliyetangulia kuja kwamba yeye ndiye mwenye haki.

Tuseme kati ya watu 20, tisa wamechagua A. Tunajua sasa kwamba wengi bado wanamwona mpatanishi kama hakimu. Tusiendelee mbele: turudi kwa njia nyingine, kwa mfano igizo. Wakiwa wawili au watatu tu, tuwaketishe pamoja na wenzao walioelewa.

Swali lingine lisilosahauliwa: je, kesi ya ubakaji inaweza kumalizwa kwa mbuzi au faini? Hapana. Tangu sheria za mwaka 2006 nchini Kongo, malipo ya faini hayafuti kesi hiyo. Ni ya mahakama. Mpatanishi asiyejua hili anaweza kumdhulumu mwathirika mara ya pili.

Ujumbe wa sauti. Baada ya mafunzo, kila mshiriki arekodi kwa dakika moja maneno ya kufungulia kikao cha upatanishi, amtumie mwezeshaji peke yake kwa WhatsApp. Mwenye simu ya vitufe apigiwe.

3. Kumjibu mshiriki

Jibu zuri lina sehemu tatu: alichofanya vizuri, kinachokosekana, na hatua inayofuata. "Umewasalimu wote kwa heshima. Hukueleza kwamba siri italindwa. Rekodi tena, uongeze sentensi hiyo." Usitoe pointi. Mwaka 1988, Ruth Butler aliona nchini Israel kwamba wanafunzi waliopewa maelezo peke yake walisonga mbele. Maelezo yalipoambatana na alama, faida hiyo ilipotea. Mtu akiona alama, anaacha kusoma maelezo.

4. Tahadhari

- Ujumbe usitaje majina ya wagomvi, kijiji wala kabila. Simu inaweza kukaguliwa barabarani, na mazoezi yakadhaniwa kuwa upelelezi.
- Makosa ya mtu yasisahihishwe mbele ya kikundi chote.
- Wanawake wengi hutumia simu ya mume au ya mtoto. Waulizwe kwanza saa gani na njia gani inawafaa. Asiye na simu apewe nafasi ya kujibu ana kwa ana.
- Rekodi zifutwe baada ya kujibiwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mafunzo yetu, nani hunyamaza, na kwa nini?
2. Ni kosa gani la mpatanishi linaloweza kuleta vita katika eneo letu? Tungeuliza swali gani ili tuligundue mapema?
3. Tutunge pamoja jibu la sehemu tatu kwa mshiriki aliyechagua A.

Simu haifundishi amani. Inatusaidia tu kusikia kile ambacho mdomo umeona haya kusema, mshiriki angali nasi, kabla hajaenda kukaa katikati ya wagomvi.