Lowesha Kwanza: Kijitabu cha Kaya za Wachimbaji na Wapondaji Mawe

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha kila nyumba ambayo riziki yake inatoka kwenye jiwe: anayeshuka duarani, anayeponda kwa nyundo, anayelisha karasha, anayebeba viroba, na anayefua nguo za hao wote. Nimewaandikia hasa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na familia zao. Lakini mponda kokoto na fundi anayekata vigae kwa grenda nao wasome. Hatari yao ni hii hii ya vumbi la mawe.

Neno la kwanza

Usiponde jiwe kavu. Lowesha kwanza.

Kwa nini nalikazania

Zebaki mnaiogopa, na mna haki. Baruti mnaiogopa. Duara kuporomoka mnakuogopa. Vumbi hamliogopi, kwa sababu halimwangushi mtu siku ile ile. Mtu analipumua leo, anarudi nyumbani mzima, anakula, analala. Miaka inapita. Kisha anaanza kuhema akipanda mlima mdogo, baadaye akitembea tambarare, mwisho akivaa shati tu. Akifika kwetu katika kituo cha afya amechelewa, na sisi hatuna cha kumrudishia.

Lile jiwe jeupe linaloshika dhahabu limejaa madini yaitwayo silika. Ukilivunja kavu, linatoa vumbi. Vumbi lake likifika ndani kabisa ya mapafu, linaacha makovu, na makovu hayo hayafutiki. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi.

Shikeni mambo manne:

- Silikosisi haina dawa ya kuiponya.
- Inaweza kuendelea kukomaa hata baada ya mtu kuacha kazi ya mawe.
- Mwenye vumbi hili mapafuni hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine.
- Vumbi hili huleta pia saratani ya mapafu.

Ugonjwa huu hauna dawa, lakini una kinga, nayo imo ndani ya ndoo ya maji. Lowesha kwanza.

Vumbi baya ni lile usiloliona

Unaloliona kwenye nyusi za mwenzako ni lile zito, na linaanguka chini upesi. Lile jembamba halionekani, linabaki hewani muda mrefu baada ya nyundo kunyamaza. Usiseme "vumbi limetulia" kwa kuangalia kwa macho.

Anayeponda kwa nyundo

Hapa ndipo ninapowaomba zaidi, kwa sababu hapa mara nyingi ni akina mama, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni.

Fanya hivi. Tumbukiza mawe kwenye ndoo ya maji kabla ya kuyaleta kwenye nyundo. Weka jiwe likiwa bado linachuruzika ndani ya ule mpira wa tairi unaolishikilia. Toboa kifuniko cha chupa ya maji kwa msumari, matundu matano au sita, uiweke karibu na mkono wako. Jiwe linapopasuka, upande mpya uliofunuka ni mkavu. Nyunyiza tena, ndipo upige. Ukiona moshi mweupe unaruka kwenye nyundo, umesahau maji. Acha, lowesha, endelea.

Jiwe bichi halipotezi dhahabu. Unga mwembamba unaopeperuka na upepo ndio unaokupotezea.

Kaa upepo ukiwa mgongoni kwako, uchukue vumbi kwenda mbele, mbali na pua yako na mbali na nyumba.

Mtoto asikae penye kuponda. Asibebwe mgongoni, asilazwe kwenye kanga pembeni, asitumwe kuokota mawe. Mapafu yake ndiyo kwanza yanakua.

"Maji hapa ni ya shida"

Najua. Kulowesha mawe si kuyaogesha. Maji yakikaa kwenye ndoo yanatumika tena na tena, na chupa moja inakwenda mbali. Lakini onyo: usichukue maji ya mwaloni yaliyooshewa zebaki. Ukiyanyunyiza, unajiongezea sumu ya pili.

Kwenye karasha

Karasha kavu ndiyo mama wa vumbi lote la machimbo. Mwenye karasha, maneno haya ni yako:

- Kama mashine yako inaweza kusaga na maji, saga na maji.
- Kama inasaga kavu, lowesha mawe kabla ya kulisha, na ufunike mdomo wake.
- Ukizima, usifungue papo hapo. Acha unga ushuke kwanza, na wote wakae mbali.
- Kiroba cha unga kimwagwe taratibu, karibu na chini. Usikikung'ute hewani, usikipige kwa fimbo.
- Usijenge karasha penye nyumba, mama lishe au shule. Upepo hauna mpaka.
- Kijana anayelisha mashine kutwa nzima apokezane na wengine.

Kisha ile ile: lowesha kwanza.

Duarani

Anayechoronga kwa mashine ahakikishe maji yanaingia kwenye tundu muda wote wa kuchoronga. Anayetumia nyundo na tindo anyunyize mwamba kabla ya kuanza. Baada ya kulipua, hakuna kushuka mpaka moshi na vumbi vitolewe kwa feni na hewa safi iingie. Haraka ya kuwahi jiwe imewazika wengi, wengine kwa gesi siku ile ile, wengine kwa vumbi baada ya miaka. Mkishuka, mwagieni maji lile rundo la mawe kabla ya kupakia kiroba cha kwanza.

Barakoa

Kitambaa, kanga, skafu na shati lililofungwa puani havizuii vumbi hili.

Barakoa inayosaidia ni ile iliyoandikwa N95 au FFP2. Kamba zote mbili zifungwe, chuma cha puani kibanwe, ndevu zinyolewe, maana hewa ikipita pembeni umevaa bure. Haifuliwi, haiazimwi. Ikichafuka au ukiona unavuta hewa kwa shida, badilisha. Na hata ukiwa nayo, usiache maji. Barakoa ni ya pili. Maji ni ya kwanza.

Maziwa

Usidanganyike kwamba maziwa yanasafisha mapafu. Hayasafishi. Maziwa yanakwenda tumboni.

Kunyweni kwa afya, watoto wapewe, lakini asiwepo mtu anayeponda jiwe kavu kutwa akitegemea nusu lita ya jioni imwokoe. Konyagi nayo haisafishi kitu. Na sigara juu ya vumbi inamaliza mapafu mapema zaidi.

Nyumbani

Nguo za kazi ziishie mlangoni. Zisikung'utwe, zilowekwe kwanza kwenye beseni lake, ndipo zifuliwe. Baba aoge kabla ya kumpakata mtoto. Nguo hizo zisiingie kitandani, wala viroba vya unga visihifadhiwe chumbani. Mahali pa kuponda pakifagiwa, panyunyiziwe maji kabla ya ufagio. Usile wala kunyonyesha penye vumbi. Nawa kwanza.

Nenda kituo cha afya ukiona haya

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi. Kuhema kwa kazi uliyokuwa ukiifanya bila shida. Kukonda, homa za jioni, jasho la usiku, makohozi yenye damu.

Ukifika, usingoje kuulizwa. Sema: "Nafanya kazi ya mawe, miaka kadhaa sasa." Usipotaja kazi yako, makovu ya vumbi yanaweza kudhaniwa ni kifua kikuu peke yake, ukameza dozi mara ya pili na ya tatu bila nafuu. Waombe wakupime makohozi na wakupige picha ya kifua.

Kifua kikuu kinapona. Matibabu yake ni bure katika vituo vya serikali, na dozi ya kawaida ni miezi 6. Imalize, hata ukijisikia nafuu mwezi wa pili.

Nani atakulipa?

Afrika Kusini, wachimbaji wa dhahabu walioumwa silikosisi waliyashitaki makampuni makubwa, na mwaka 2019 mahakama ikaidhinisha makubaliano ya fidia ya karibu randi bilioni 5. Fedha hizo hazikumrudishia mtu hata pumzi moja. Na wao walikuwa na kampuni ya kudai. Wewe unayeponda uani kwako, utamdai nani?

Kwa wakuu wa vikundi na wenye maduara

Pipa la maji liwepo kabla ya nyundo ya kwanza. Mfanyakazi asikatwe ujira kwa muda wa kuchota maji.

La kufanya leo

Msomee jirani asiyejua kusoma. Kisha jioni hii mwende, wanaume kwa wanawake, mkamwone mwenye karasha wenu, mkubaliane naye pipa litakaa wapi na nani atalijaza. Kesho asiwashe mashine kabla pipa halijajaa.