Masika Mlimani: Mvua, Upepo na Theluji ya Kilimanjaro

Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo kila anayeishi chini ya Kilimanjaro anadhani analijua vya kutosha: masika. Tumelichagua kwa sababu maombi mengi ya miradi, yawe ya mabati, ya matangi, ya kingo za mifereji au ya miche ya miti, chanzo chake ni majuma machache kati ya Machi na Mei. Tena liko swali ambalo huwajia wengi wanapotazama picha ya mlima mweupe: watu wenye theluji yote hiyo wanakosaje maji?

Theluji ya mwezi wa Mei

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akifanya kazi Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya mlima akiwa safarini kwenda Uchagani. Kiongozi wake wa msafara hakuwa na jina la kitu kile. Aliuita weupe huo baridi tu. Rebmann aliyetoka nchi ya theluji akafahamu mara moja. Lakini habari yake ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, wasomi wa jiografia, hasa William Desborough Cooley, walimkatalia kabisa kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Ilichukua miaka mingi kabla ya ubishi huo kwisha. Sisi tunaona yule kiongozi wa msafara alikuwa amekaribia ukweli kuliko wasomi wale: alitaja chanzo badala ya jina.

Baridi ndiyo inayofanya kazi. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Mji wa Moshi upo mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari na kilele cha Kibo kipo mita 5,895. Tofauti hiyo ya mita 5,000 ni sawa na kupungua kwa nyuzi 30. Kwa hiyo wingu lile lile linalomwaga mvua Marangu linaweza kumwaga theluji juu ya Kibo saa ile ile, na asubuhi mawingu yanapofunguka tunaona mlima umevaa shuka jipya. Huko kwetu hakuna majira ya baridi kama ya Ulaya. Theluji yetu hufuata misimu ya mvua, yaani masika na vuli. Ndiyo maana mlima huweza kuwa mweupe zaidi mwezi wa Mei kuliko mwezi wa Septemba.

Mvua yenyewe hutoka Bahari ya Hindi. Wakati wa masika ukanda wa mvua hupita juu yetu ukielekea kaskazini, kaskazi imekwisha na kusi inaanza. Upepo wenye unyevu ukigonga mlima hulazimika kupanda, na ukipanda hupoa, na ukipoa huachia maji. Huyaachia kwa wingi upande wa kusini, Machame, Kibosho, Uru na Kilema, kuliko upande wa Ngare Nairobi na Siha ya chini ambako upepo hufika umekwisha kukamuliwa. Sehemu inayopata maji mengi kuliko zote ni ukanda wa msitu katika urefu wa mita 2,000 na kitu, ambako hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kule kileleni huanguka kidogo mno, milimita 200 hivi au pungufu, na sehemu kubwa ni theluji. Kilele cha Kibo, tukitazama kiasi cha maji kinachopokea, ni jangwa lililo juu.

Hapa ndipo jibu la lile swali. Theluji ya Kibo haitulishi maji. Sehemu kubwa yake haiyeyuki ikatiririka. Jua kali na hewa kavu huigeuza kuwa mvuke pale pale. Barafu ya kudumu nayo imebaki kidogo: mwaka 1912 ilifunika takriban kilomita 12 za mraba, na kufikia mwaka 2011 ilikuwa imeshuka chini ya kilomita 2. Watafiti wanaeleza kwamba hali ya hewa ya mlimani ilianza kuwa kavu tangu mwishoni mwa karne ya 19, na ongezeko la joto duniani likazidisha. Theluji mpya ya masika husaidia kidogo kwa sababu weupe wake hurudisha mwanga wa jua na kuikinga barafu iliyo chini; masika yakishindwa, barafu chafu inabaki wazi juani. Ni huzuni kuipoteza. Hata hivyo mito ya Weruweru, Karanga, Rau na Himo, na chemchemi zinazolisha mifongo yetu, hutegemea mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Mti wenye matawi yaliyoota kuvumwani hukamua ukungu hata siku isiyo na mvua, na matone yake huingia ardhini taratibu. Basi moto unapoteketeza msitu wa juu, kama ilivyotokea Oktoba 2020, tunapoteza maji mengi kuliko yale tunayoyalilia katika barafu.

Tunawaomba wafadhili walichukue jambo hili kwa uzito. Picha ya barafu inayokwisha huchangisha fedha kwa urahisi. Picha ya miche 500 kando ya mto haivutii mtu. Lakini miche ndiyo yenye maji.

Paa, upepo na tangi

Mvua za masika mara nyingi hutanguliwa na upepo wa ghafla, ule unaoshuka kutoka katika wingu zito dakika chache kabla ya matone ya kwanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuita upepo mkali ule unaozidi kilomita 40 kwa saa. Paa haling'olewi kwa kusukumwa kutoka juu. Upepo unaopita juu ya bati hulivuta kwenda juu, na ule unaoingia kwa mlango au dirisha lisilofungwa hulisukuma kutoka chini, na nguvu hizo mbili hukutana kwenye msumari. Ndiyo maana darasa lililoachwa bila milango, "tutamalizia mwakani," ndilo linaloezuliwa kwanza. Kamati ikikagua jengo isitazame rangi ya bati. Itazame kama kenchi zimefungwa kwa nondo au waya kwenye lenta, kama papi za pembeni zimeoza, na kama misumari ya ukingoni imekazwa. Kazi hii ni ya fundi mmoja kwa siku moja, na inafaa kufanywa Februari.

Paa lililo imara ni kisima pia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kanisa au darasa lenye paa la mita 20 kwa 10, likipata mvua ya milimita 50 kwa siku, na hicho ndicho kiwango ambacho Mamlaka huanza kukiita mvua kubwa, hupokea lita 10,000. Tukitoa sehemu ya tano kwa yale yanayoruka na kuvuja, zinabaki lita 8,000. Parokia yenye tangi la lita 5,000 itaona tangi limejaa kabla ya siku kwisha, na hapo ndipo panaposahauliwa: maji ya ziada yanakwenda wapi? Yakimwagika kwenye msingi wa jengo kwa misimu mitatu, ukuta utapasuka. Bomba la ziada lipelekwe mbali, kwenye mfereji au bustani. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, maana yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Mteremko na mto

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike somo hili. Novemba 2009, huko Goha katika Wilaya ya Same, mlima ulimeguka usiku wa mvua na watu zaidi ya 20 walifukiwa. Desemba 2023 matope kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji wa Katesh na watu zaidi ya 80 walifariki. Tarehe 12 Aprili 2024, jijini Arusha, gari la shule lilisombwa na maji asubuhi na watoto wakapoteza maisha. Tarehe 25 mwezi huo huo Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kutokana na mvua za msimu huo.

Udongo wetu wa volkano ni mzuri kwa kahawa na migomba, lakini ukishiba maji huwa mzito na hupoteza mshiko. Mteremko haumeguki bila kutoa dalili. Ufa mpya unaonekana juu ya nyumba. Miti au nguzo za uzio zinaanza kuinama. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri unakwama. Chemchemi iliyokuwa safi inatoa tope, au maji yanachomoza mahali ambapo hayakuwapo. Mfongo unaovuja juu ya kihamba ni hatari kuliko mvua yenyewe, kwa sababu unanywesha mteremko usiku na mchana. Wazee wa mifongo walikuwa na siku za kuusafisha kwa pamoja na faini kwa asiyefika. Mahali ambapo utaratibu huo umekufa, kamati ya parokia haina mamlaka ya kutoza faini, lakini inaweza kutangaza siku hiyo baada ya ibada na kukaa na mwenyekiti wa kitongoji.

Kwa walio tambarare, Kahe na vijiji vya kando ya mito, shida ni nyingine. Huko kunaweza kuwa na jua wakati msituni kunanyesha. Mto ukibadilika rangi kuwa wa udongo, ukaanza kubeba matawi, ukanguruma, maji makubwa yanakuja nyuma. Mtoto asivuke, hata kama jana alivuka maji yakiwa magotini. Shule nyingi huwaruhusu watoto wote saa moja hata mvua ikiwa kubwa, na hili tunaliona ni kosa linaloweza kurekebishwa bila senti moja: watoto wa ng'ambo ya mto wabaki shuleni au walale kwa jamaa wa upande huu.

Tuwataje pia vijana wetu wapagazi. Aprili ni mwezi wa wageni wachache, na anayepata kazi hawezi kuikataa. Akiwa Kibo Hut, mita 4,720, mvua ya jioni hugeuka theluji usiku, na koti lililolowa linamwua mtu kwa baridi hata kama theluji ni ya kufika kifundoni tu. Sheria ya hifadhi inaweka mzigo usiozidi kilo 20. Juu ya nguo haitoshi kutegemea sheria. Parokia kadhaa zina makabati ya nguo za misaada. Makoti yasiyopitisha maji na buti zilizomo humo ziazimwe kwa wapagazi kwa daftari, zirudishwe, ziazimwe tena.

Kwa mjadala katika kikao

Tunashauri somo hili lisomwe katika kikao cha Januari au Februari, kabla ya utabiri wa msimu kuwa habari ya jana, na karani aandike majibu.

Ni nyumba zipi katika jumuiya zetu zilizo chini ya ufa, chini ya mfongo unaovuja au ndani ya hatua chache kutoka mtoni, na nani atakwenda kuzungumza na wenyewe? Watalala wapi ikitolewa tahadhari usiku, na ufunguo wa ukumbi uko kwa nani? Katika bajeti ya mwaka huu, kati ya bati jipya, kingo za mfereji na miche ya msitu, tumeweka nini mbele, na je, tulichagua kwa sababu ya hatari iliyopo au kwa sababu ya kile ambacho mfadhili atapenda kupigwa nacho picha? Wafadhili nao wanakaribishwa kujibu swali hili la mwisho, na kutuandikia.