Usimkimbize Mama Vituo Vinne, Mlaze Chania

Mdogo wangu wa Tanga unayeuguza wazee huko Ujerumani, ratiba yako nimeiona. Siku saba: Athens, Mykonos, Santorini, kisha Krete, na mama mwenye magoti mabovu anaburuta sanduku nyuma yako kutoka boti hadi boti. Hiyo si likizo, ni adhabu. Utarudi na picha nyingi, na katika zote mama amenuna.

Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa kila kiangazi cha Ulaya kikikaribia napata barua za namna hii, na jibu langu halibadiliki: futa vituo vitatu, chagua mji mmoja wa bandari, ukae humo siku zote. Kwa safari yenu nauchagua Chania, magharibi ya Krete. (Wenyeji wanautamka Hanya, na ile kh ya khamsini mwanzoni. Ukimwambia dereva wa teksi kwa ch ya chai atakutazama tu.) Krete ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki, na Chania ulikuwa makao makuu yake hadi 1971, Heraklion ulipochukua nafasi hiyo. Ndege za moja kwa moja kutoka miji kadhaa ya Ujerumani zipo kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, kwa hiyo hata Athens huna haja nayo safari hii. Nendeni mwisho wa Mei au Septemba. Julai na Agosti waachie wenye pesa za kuchezea na ngozi za kustahimili lile jua.

Karatasi kwanza. Wewe una kibali cha kuishi Ujerumani, basi Ugiriki unaingia bila viza nyingine, ilimradi usizidishe siku 90 ndani ya siku 180. Mwenye kazi ni mama. Hapa wengi huchanganya: viza ya Schengen huombwa kwa nchi ambako mtu atakaa siku nyingi zaidi. Akikaa kwako mwezi mzima na Ugiriki wiki moja, fomu zake ni za Wajerumani, si za Wagiriki. Ada ni euro 90, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo usikae hadi wiki za mwisho ndipo uanze kunipigia simu unalia.

Sasa chumba. Mtaa wa Topanas, nyuma ya ngome ya Firkas, umejaa nyumba za zama za utawala wa Venice zilizogeuzwa kuwa nyumba za wageni. Zinapendeza, sikatai: milango ya mawe yenye tao, dari za mbao zilizoiva kwa uzee. Lakini ngazi zake! Nyembamba, zimesimama wima, na lifti sahau. Mwandikie mwenye nyumba kabla hujalipa, umwambie wazi kwamba unataka chumba cha chini kwa sababu mama hapandi ngazi. Uliza pia kama chini ya dirisha kuna baa, maana kule gatini watu hukesha. Gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo sanduku liwe dogo. Kuna na tozo la serikali linalolipwa kwa kila chumba kwa kila usiku, euro chache kwenye hoteli ndogo na hadi 15 kwenye ya nyota tano wakati wa msimu, na mara nyingi halimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Na hili nalisema kwa sauti ya chini: karatasi ya chooni haitupwi ndani ya choo, inatiwa kwenye kikapu pembeni, mabomba yao ni membamba. Kama mama anatumia maji kama tulivyolelewa, mfungie kopo kwenye sanduku.

Asubuhi ya kwanza mtoe kabla ya saa mbili, watu wa meli za kitalii hawajamwagika mjini. Anzieni penye kuba. Pale ukingoni mwa gati pana msikiti mdogo, kuba moja kubwa katikati na vikuba pembeni. Waturuki waliujenga baada ya kuuteka mji mwaka 1645, na ndilo jengo lao kongwe kuliko yote kisiwani. Mnara wake ulibomolewa karne iliyopita, na swala haiswaliwi tena humo, siku hizi ni ukumbi wa maonyesho. Mwambie mama mapema, asije akaanza kutafuta pa kutawadhia.

Mkiuacha msikiti mkielekea mashariki mtaingia bandari ya ndani, na hapo ndipo ningewaambia mkae kitako. Kuna safu ya mabanda marefu ya mawe, mapaa yake ya mviringo, midomo imeelekea majini. Yanaitwa Neoria. Watu wa Venice waliyajenga hadi kufikia mwisho wa karne ya 16 ili merikebu zao za makasia zivutwe juu wakati wa baridi, zikarabatiwe. Yalikuwa 17, leo yaliyosimama bega kwa bega ni saba. Karibu na hapo imehifadhiwa merikebu iitwayo Minoa, iliyoundwa upya kwa kufuata ufundi wa Krete ya kale, zama za Waminoa, kisha ikapigwa makasia hadi Piraeus mwaka 2004 wakati wa Olimpiki ya Athens. Mbao zake zimefungwa kwa kamba. Mama ni mtoto wa pwani, kama alisimuliwa na babu yake habari za mtepe wa kushonwa, atasimama hapo kuliko mahali popote.

Mwagizie kahawa, umwache kivulini. Wewe endelea kuizunguka bandari mpaka upande juu ya ukuta wa kuzuia mawimbi, utembee nao hadi mnara wa taa. Kutoka kwenye kuba hadi huko ni kilomita moja na nusu hivi. Ukutani hakuna vyuma vya kushikilia na mawe yakilowa yanateleza, kwa hiyo vaa raba, si ndala. Ukifika, usipige picha ukageuka. Uzunguke mnara, uutazame kuanzia chini: kitako kina pande nane, katikati pande kumi na sita, juu kabisa ni duara. Watu wa Venice ndio waliokuwa na mnara wa kwanza mahali hapo, lakini huu unaouona ulijengwa upya miaka ya 1830, Krete ilipokuwa chini ya Muhammad Ali wa Misri. Ndiyo maana una umbo la mnara wa msikiti, na watu bado wanauita wa Wamisri. Ng'ambo ya maji, usoni pako, ni Firkas, ambako bendera ya Ugiriki ilipandishwa tarehe 1 Desemba 1913 Krete ilipoungana rasmi na nchi hiyo.

Alasiri mpeleke kwa miguu mtaa wa Splantzia, vichochoro vichache ndani kutoka bandarini. Wageni wengi hawafiki, wameganda na aiskrimu zao gatini. Kanisa la Mtakatifu Nikolaos lina mnara wa kengele upande mmoja na mnara wa msikiti upande wa pili, kwa sababu lilianza kama kanisa la watawa wa Kidominika, likawa msikiti wa Sultani, kisha likarudi kuwa kanisa, la Kiorthodoksi safari hii, mwaka 1918. Kaeni chini ya mti mkubwa wa uwanjani, mnywe kitu. Mwaka 1821, Wagiriki walipoasi, askofu alinyongwa kwenye uwanja huo huo. Upande wa magharibi wa bandari lipo sinagogi la Etz Hayyim, lililofufuliwa mwaka 1999. Wayahudi wa mji huu walikamatwa na Wajerumani Mei 1944, na meli iliyowabeba, Tanais, ikazamishwa na nyambizi ya Waingereza tarehe 9 Juni. Ingia, hata kama ni kwa dakika kumi.

Kuna habari nyingine ambayo vitabu vingi vya wageni vinaipita, na wewe usiipite. Nje ya kuta, mashariki, pana ufukwe unaoitwa Koum Kapi. Leo ni safu ya mikahawa ya vijana. Karne ya 19 palikuwa na kijiji cha watu weusi, Waislamu, walioletwa utumwani kutoka Afrika au wazao wa walioletwa. Wenyeji waliwaita Halikoutes. Waliishi katika mahema na vibanda mchangani, na wanaume wao walibeba mizigo na kupiga makasia bandarini, kazi zile zile za wahamali wetu wa Zanzibar na Mombasa. Makubaliano ya 1923 kati ya Ugiriki na Uturuki yaliwang'oa Waislamu wa Krete kwenda Uturuki, nao wakaondoka. Aliyebaki akajulikana na mji mzima ni Salis Chelidonakis, mtu wa bandarini, hadi alipofariki mwaka 1967. Mkiwa mmekaa Koum Kapi na mtu akakutazameni kwa mshangao, jueni nyie si weusi wa kwanza kuota jua hapo. Hata hivyo tembea na kibali chako na pasi ya mama, si nakala ya kwenye simu, maana askari akiuliza anataka kitu cha kushika.

Chakula sasa, najua ndicho kinachomsumbua mama. Nyama ya mishikaki na ya kukatwa kwenye mkate mara nyingi ni nguruwe. Shika maneno mawili: hirino ni nguruwe, kotopulo ni kuku, ingawa kuku naye hakuchinjwa kwa Bismillahi. Basi shikeni bahari na shamba. Pweza wa kuchoma anayenyunyiziwa siki mtamkuta kila kona. Mboga za porini huchemshwa, zikamiminiwa mafuta ya zeituni na limau. Dakos ni mkate mkavu wa shayiri uliolowa nyanya na kuwekwa jibini juu, mama aumwagie maji kidogo kama meno yanamsumbua. Asubuhi kuna bougatsa, maandazi ya tabaka yenye jibini la mizithra, yanaliwa ya moto na sukari juu. Mkimaliza kula mtaletewa matunda au kitamu kidogo cha bure, na kando yake vigilasi vya raki. Hiyo ni pombe, tena kali. Wekeni mkono kifuani, semeni asante hatunywi, hakuna atakayekasirika.

Mikahawa ya mstari wa mbele ina wapiga debe wenye menyu za picha. Mmoja alinishika mkono kabisa. Mpite, ingia vichochoro viwili ndani. Samaki huuzwa kwa kilo, kwa hiyo apimwe mbele yako, bei itajwe, ndipo aende jikoni. Na dai risiti. Sheria yao inasema mteja asiyepewa risiti halazimiki kulipa, na tangazo lake limebandikwa humo humo mkahawani.

Umeuliza kama siku saba mji mmoja hamtachoka. Mtapata siku moja au mbili za basi, kwenda ufukweni Elafonisi, kwa mfano. Korongo la Samaria ni kilomita 16 za kushuka juu ya mawe, hilo si la magoti ya mama. Mwache na pweza wake, nenda peke yako alfajiri, na uhakikishe unawahi boti ya jioni inayotoka Agia Roumeli, kijiji cha mwisho wa korongo, kwa sababu pale hakuna barabara ya gari ya kukutoa.