SOMO LA AFYA: Usafi wa Jirani Yako ni Afya Yako



Safari hii tunazungumzia kazi ambayo hakuna familia inayoweza kuimaliza peke yake, nayo ni kuweka mtaa wetu safi na salama. Soma somo hili pamoja na majirani zako. Asiyejua kusoma asomewe. Kisha jibuni pamoja maswali yaliyo mwishoni.

Baada ya somo hili utaweza:
- kueleza kwa nini usafi wa nyumba moja hautoshi;
- kueleza kwa nini kazi ya usafi hufanyika kila wiki;
- kuunda kundi la majirani na kugawana kazi;
- kujua la kufanya kukitokea ugonjwa au hatari.

1. KWA NINI USAFI WA NYUMBA MOJA HAUTOSHI

Unaweza kufagia kila asubuhi, kufunika chakula na kunawa kwa sabuni, na bado mtoto wako akaharisha. Nzi hajui mpaka wa kiwanja. Anatoka katika choo cha jirani kisichofunikwa, anatua juu ya ugali wako. Mvua ikinyesha, maji yanayopita penye kinyesi huko juu yanashuka hadi mlangoni kwako.

Tutazame kipindupindu. Vijidudu vyake hutoka katika kinyesi cha mtu mmoja na kuingia mdomoni mwa mwingine kwa njia ya maji, chakula au mikono michafu. Dalili huanza kati ya saa chache na siku 5 baada ya kuambukizwa. Lakini watu wengi walioambukizwa hawaumwi kabisa, au huharisha kidogo tu. Hata hivyo, kinyesi chao kinaweza kubeba vijidudu kwa siku 1 hadi 10. Kwa hiyo huwezi kumtambua mwenye vijidudu kwa kumtazama. Usipoteze muda kutafuta wa kulaumu. Hakikisheni kinyesi cha kila mtu, pamoja na cha watoto wachanga, kinaingia chooni.

2. TULIYOJIFUNZA KAGUNGA

Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2015. Kuanzia mwezi Aprili mwaka huo, makumi ya maelfu ya watu walikimbia Burundi. Wengi walifikia Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, kilichobanwa kati ya maji na milima. Vyoo havikutosha, na watu walikunywa maji ya ziwa lile lile walilooga. Mwezi Mei kipindupindu kilithibitishwa. Watu walisafirishwa kwa meli ya MV Liemba hadi mjini Kigoma, wakapitia uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Makumi ya watu walifariki, wengi wao wakimbizi.

Kufikia mwezi Juni wagonjwa wapya walikuwa wamepungua sana. Dawa na maji ya mishipa yaliokoa wagonjwa. Lakini ili wengine wasiugue, ilibidi msongamano upungue, maji yatiwe klorini, vyoo vichimbwe, na watu waelimishwe kunawa mikono na kumwahisha mgonjwa kituoni. Kinga ya namna hiyo inahitaji kila kaya ishiriki.

3. KWA NINI KILA WIKI?

Wengine huuliza: "Tulifagia mwezi jana, kwa nini tena leo?" Jibu liko kwa wadudu wenyewe. Wakati wa joto, yai la nzi huwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi. Yai la mbu wa malaria huwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 14 hivi. Mkiondoa taka na maji yaliyotuama kila baada ya siku 7, mnawaua wakiwa bado funza na viluwiluwi. Mkingoja mwezi mzima, wamekwisha kuruka na kutaga tena.

Kazi hii si ngeni kwetu. Aliyetoka Kongo anaijua kwa jina la salongo, aliyetoka Rwanda anaiita umuganda, na wenyeji wetu Watanzania husema msaragambo. Chagueni siku isiyogongana na ugawaji wa posho wala ibada. Saa 2 za asubuhi zinatosha.

4. JINSI YA KUUNDA KUNDI

a) Anzeni na kaya 10 zinazopakana. Kundi kubwa mno hupata watu wa kujificha.
b) Mchagueni mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wa kuongoza, kisha mjulisheni kiongozi wa kijiji na mhudumu wa afya wa jamii.
c) Andikeni vifaa mlivyo navyo, kama jembe, chepe, reki na toroli. Kinachokosekana, kiongozi akaulize kama kinaweza kuazimwa.
d) Gawaneni kazi kwa zamu. Wanawake wasiachiwe kufagia vyoo kila wiki huku wengine wakisimama na kutazama.
e) Wazee, wagonjwa, wajawazito na wenye ulemavu wapewe kazi nyepesi au wapumzishwe. Kundi lisafishe na uwanja wao.

5. MAMBO YA KUKAGUA

Vyoo. Kipimo kinachotumika makambini ni watu wasiozidi 20 kwa choo kimoja, kisiwe mbali kuliko mita 50 kutoka nyumbani, wala karibu kuliko mita 30 na chanzo cha maji. Tundu lina mfuniko? Mlango unafungika kwa ndani? Kuna kibuyu chirizi na sabuni au majivu? Uchafu ukibakiza nusu mita kufika juu, choo hicho kifukiwe kwa udongo na kingine kichimbwe. Toeni taarifa mapema, kwa sababu kuchimba huchukua siku kadhaa.

Maji. Maji ya bombani yametiwa klorini, lakini dumu chafu huyaharibu. Tia changarawe safi, maji kidogo na sabuni ndani ya dumu, likoroge kwa nguvu, kisha lisuuze. Maji yanayomwagika kituoni yachimbiwe mtaro yasituame.

Taka. Kila kundi liwe na shimo lake, na taka zifunikwe kwa udongo kidogo kila wiki. Msichome taka karibu na nyumba za nyasi au turubai, hasa upepo ukivuma.

Mashimo ya matofali. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanza. Tuchukue mfano. Familia moja ilichimba udongo wa matofali, ikajenga, baadaye ikahama. Shimo likabaki kati ya nyumba mbili. Mvua za masika zilipolijaza, huyu alisema, "Silo langu," na yule akasema, "Wala si langu." Lakini mbu waliotoka humo hawakuuliza shimo ni la nani, waliingia nyumba zote mbili. Zaidi ya mbu, mtoto wa miaka 2 anaweza kuzama katika maji yanayomfika magotini mtu mzima, na hapigi hata kelele. Kwa hiyo kanuni ya kundi iwe hii: shimo lisilo na mwenyewe ni la kundi. Lifukieni kwa udongo, vifusi vya kuta zilizobomoka na mawe. Msilijaze taka za jikoni, mtaondoa mbu na kuleta nzi. Likiwa kubwa mno, lizungushieni uzio wa miti na miiba siku hiyo hiyo, kisha mwombe msaada kwa kiongozi wa kijiji. Na atakayechimba udongo kuanzia sasa aonyeshe kwanza atafukia lini.

6. USALAMA NI SEHEMU YA AFYA

Choo kilicho gizani hakitumiki, hasa na wanawake na watoto, na hapo ndipo kinyesi hurudi vichakani. Fyekeni njia ya choo, na usiku mwende wawili wawili na tochi. Wanaokwenda kutafuta kuni waende kwa kundi na waage nyumbani.

Mkimkamata mwizi, msimpige. Mwiteni sungusungu, naye amfikishe polisi. Aliyebakwa afike kituo cha afya mara moja, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na nyingine za kuzuia mimba. Hata kama saa hizo zimepita, aje, bado ipo huduma. Jirani mwema humsindikiza na kufunga mdomo wake. Habari hiyo ni ya mwenyewe.

7. JIRANI ASIYETOKA KUFANYA KAZI

Msianze na matusi wala kumtishia kwamba atafutwa kwenye posho. Hakuna kundi lenye mamlaka hayo. Watu wawili wenye heshima waende kumwuliza. Huenda anauguza, huenda hana jembe, huenda hakualikwa. Wengine husema, "Hapa si kwetu, tutarudi nyumbani, ya nini kuhangaika?" Mjibuni kwa upole: ni kweli kambi si kwetu, lakini watoto wanaoumwa hapa ni wetu, na hao ndio tunaotaka kurudi nao.

8. UKITOKEA UGONJWA

Mtu akiharisha maji maji mara nyingi, mpeleke kituoni mara moja. Njiani aendelee kunywa maji ya ORS, pakiti moja ndani ya lita 1 ya maji salama. Pakiti ikikosekana, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko, ndani ya lita 1 ya maji salama. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Wakati mgonjwa yuko njiani, jirani mmoja amjulishe mhudumu wa afya, na mwingine abaki na watoto. Pangeni mapema nani atafanya nini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kaya zetu 10, watu wangapi wanatumia choo kimoja?
2. Mashimo mangapi ya matofali yako karibu nasi? Lipi litafukiwa kwanza?
3. Nani katika kundi letu hawezi kusafisha uwanja wake, na tutamsaidiaje?
4. Mtu akiugua usiku wa manane, nani atambeba?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukimaliza kusoma, mpelekee jirani nakala hii.